Kwanza Tujue Ilikufa kwa Nini

Shemeji yangu hakununua kwadi, ile pikipiki ya matairi manne. Alinunua makatoni manne, fremu iliyoota kutu na ndoo ya boliti zisizojulikana zilitoka wapi. Muuzaji, kijana aliyekuwa anahama nyumba, alimwapia kwamba kila kitu kimo humo. Maneno hayo kila fundi ameshayasikia, na sijakutana na aliyewahi kuyaamini.

Hiyo ilikuwa katikati ya Septemba, mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, mji ambao siku hizi ukiingia duka la vyakula huenda ukapokewa na Kiswahili cha Bukavu au Goma. Shemeji mwenyewe ni mtu wa Ukerewe. Kiwandani anafanya zamu ya usiku. Mchana hulala kidogo, halafu hupandisha mlango wa gereji iliyoshikana na nyumba na kuwasha redio. Nilikaa kwake wiki saba, na wiki zote hizo kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Kabla ya kutoa pesa alikuwa amefanya jambo moja la busara: kulinganisha namba iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye hati ya umiliki. Kwadi za aina hii wezi nao wanazipenda. Namba zilifanana. Basi kilicholala sakafuni, vipande vipande, kilikuwa Yamaha Banshee ya 1998.

Msomaji anayezijua kwadi za kukodisha watalii kule Nungwi asiifikirie hii kuwa ndugu yao. Zile za Nungwi hazina klachi ya kushika kwa mkono, na anayeijua baiskeli anaweza kuiendesha moja asubuhi hiyohiyo. Banshee ina gia sita na haina ya kurudi nyuma. Haina stata ya umeme, inapigwa kiki. Injini yake ilitokana na ile ya RZ350, pikipiki ya barabarani: silinda mbili zilizopangwa sambamba, kipenyo cha milimita 64 kila moja, jumla sentimita za ujazo 347, ikipozwa kwa maji. Na ni ya mapigo mawili. Haina valvu za kichwani wala tanki la oili ya kulainisha pistoni, kwa hiyo mwenye chombo huchanganya oili na petroli kwa mkono wake.

Ilitoka katika miaka ambayo Wajapani walishindana bila kuoneana haya. Honda walikuwa wameanza mwaka 1970 kuuza Marekani pikipiki ya matairi matatu manene, na Suzuki wakafuata na ya matairi manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 Suzuki hao hao wakaleta LT250R, kwadi ya mbio hasa. Mwaka uliofuata Honda wakajibu kwa TRX250R. Yamaha wakaja 1987 na silinda mbili, jambo ambalo wenzao hawakulithubutu, wakaipa jina la jini la kike la Ireland ambalo kilio chake, wanasimulia, hutangulia msiba. Aliyewahi kuisikia Banshee ikipanda mchanga kwa gia ya tatu hahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Ajali za matairi matatu zilikuwa nyingi mno, na mwaka 1988 kampuni zikakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuyauza. Ya manne yakabaki. Banshee iliuzwa huko hadi 2006, sheria za moshi zilipoibana.

Sasa turudi kwenye makatoni.

Katika katoni la pili tulikuta pistoni ya kushoto. Ubavu wake ulikuwa umekwaruzika na kuyeyuka kidogo, ringi zimeganda ndani ya mifereji yake. Ya kulia ilikuwa nzima, nyeusi tu juu. Mimi niliona jambo jepesi: nunua pistoni, chonga silinda, funga. Shemeji hakunijibu. Aliendelea kupekua hadi akafika chini kabisa ya katoni, akatoa risiti mbili zilizopauka. Zote zilikuwa za pistoni.

"Shem, umeona?" aliniuliza. "Hii ni ya tatu. Na zilizokufa zote za kushoto."

Baba yake alikuwa na mtumbwi wa mashine huko Nansio. Mashine za boti za mapigo mawili zinakula mchanganyiko uleule wa petroli na oili, na harufu ya dumu lile, Shemeji anasema, ndiyo iliyomfanya asimamishe gari siku alipopita nje ya nyumba ya yule kijana. Mashine ikizimika katikati ya ziwa unapiga kasia. Kwa hiyo mzee alikuwa na sharti: hakifungwi kipya kabla hakijajulikana kilichoua cha zamani. Waliotangulia na Banshee hii walifunga vipya tu, mara mbili, na kila mara wakawa wamenunua kifo kingine kwa bei ya dukani.

Akafanya kitu nilichokiona kama wazimu. Alizirudisha silinda zilizoharibika juu ya injini, akazifunga na gasketi mpya, ili tu aipime maiti.

Ni hivi. Injini ya mapigo mawili hupumua kwa tumbo. Pistoni ikipanda, tumbo la chini, pale krenki inapozunguka, huvuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, huusukuma juu kwenye silinda. Tumbo likiwa na tundu, hata dogo kama la sindano, litavuta hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Petroli inakuwa chache, na oili iliyomo ndani yake inakuwa chache vilevile. Joto linapanda, aluminiamu ya pistoni inatanuka, na kwenye ukuta wa silinda hakuna kinachoitelezesha. Hapo inashika. Dereva anasikia tairi za nyuma zimeganda ghafla, na asipowahi klachi anaruka.

Kipimo chake hakina utaalamu wa kutisha. Unaziba mdomo wa kuingiza na wa kutolea moshi kwa vizibo vya mpira, unajaza upepo kwa pampu ya mkono hadi pauni sita kwa inchi ya mraba, presha isiyozidi sana ile ya matairi ya kwadi yenyewe, halafu unaangalia saa. Sindano ya geji isimame palepale kwa dakika sita. Yetu haikumaliza dakika moja.

Tukapiga maji ya sabuni kila mahali. Mipira ya kabureta, kimya. Kile kibomba kinachoiunganisha miwili, ambacho kwenye Banshee nyingi ndicho mshukiwa wa kwanza, kimya. Chini ya silinda, kimya. Alipolitoa gurudumu la sumaku upande wa kushoto na kupuliza sabuni kwenye shingo ya krenki, mapovu yakafura kama sufuria ya uji. Sili. Kipande cha mpira kisichojaa kiganja, kilichokauka. Sili ya kulia ikichoka, injini hunywa oili ya gia na kutoa moshi mzito, kwa hiyo utajua. Ya kushoto ikichoka haitoi dalili ya wazi kama hiyo. Inaua tu.

Nakiri nilifurahi kuliko mwenye chombo.

Kuibadilisha ilibidi injini ipasuliwe nusu ya juu na nusu ya chini, na ilikuwa heri, maana punje za aluminiamu ya pistoni zilikuwa zimeingia kwenye beringi za krenki. Krenki ikaenda kwa fundi mwenye mashine ya kuipima na kuinyoosha. Silinda zikachongwa robo milimita zaidi, zote mbili, ili zibaki sawa. Ziliporudi, Shemeji alikaa mchana mzima na msasa laini akiondoa ncha kwenye kingo za matundu, kwa sababu ukingo mkali hunasa ringi na kuivunja. Duka moja lilituletea ringi za ukubwa mwingine. Tukasubiri siku tisa.

Kazi ya fremu sina mengi ya kusema juu yake: brashi ya waya, kuchomelea ufa mmoja, rangi ya unga iliyookwa kwa fundi wa jirani. Ila nilijifunza kwamba skrubu za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini si zilezile, na bisibisi ya Kimarekani huzila vichwa. Nilikula vichwa vya tatu kabla ya kuambiwa. Beringi za magurudumu ya mbele Shemeji alizilaza kwenye friza zisinyae kidogo, zipate kuingia bila kupigwa nyundo. Dada yangu alizikuta juu ya sato. Aliuliza kama kuna kitu kingine cha pikipiki ambacho watoto wake watakula wiki hii.

Alipofunga injini mpya aliipima tena. Dakika sita zikapita, sindano haikutikisika. Akaiacha na upepo wake akaenda kazini. Alfajiri aliporudi hakuingia ndani kulala. Nilisikia mlango wa gereji.

Silver Lake, vilima vya mchanga vya kando ya Ziwa Michigan ambako alitaka kuipeleka, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwake. Kila chombo kinachoingia hupeperusha bendera ya rangi ya chungwa kwenye mlingoti mrefu, ili anayepanda kilima kutoka upande mmoja aonekane na anayekuja upande wa pili. Bendera Shemeji alishainunua Septemba, kabla ya pistoni. Lakini vilima hufungwa tarehe 31 Oktoba hadi 1 Aprili, na sisi tulichanganya petroli ya kwanza, sehemu 32 kwa oili sehemu moja, Novemba ikiwa imeshaingia.

Kiki ya nane ilikohoa. Ya tisa ikawaka, na gereji nzima ikajaa moshi wa samawati na ile harufu ya dumu. Jirani, mtu wa Bukavu, akatokea na kikombe cha chai mkononi. Kwao pikipiki ni "moto".

"Ndugu, hii moto iko na kelele mingi!" alipaza sauti.

Shemeji aliiacha ichemke kidogo, akaizima, akasubiri ipoe kabisa, akaiwasha tena. Mara tatu hivyo. Kisha akaitoa petroli yote iliyobaki ndani ya kabureta, akaifunika kwadi kwa shuka kuukuu la dada yangu.

Theluji ya kwanza ilianguka siku nne baadaye. Lita tatu za mchanganyiko zilikuwa zimebaki kwenye dumu, na petroli iliyochanganywa haikai hadi Aprili. Alizitia kwenye mashine yake ya zamani ya kusukuma theluji, nayo ya mapigo mawili, akasafisha njia yake, halafu ya jirani, halafu ya nyumba ya tatu ambayo hatujui anakaa nani, mpaka dumu likaisha.