Ushahidi wa Kisanduku Cheusi
Kisanduku cheusi, ambacho hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane kwa urahisi kwenye mabaki ya ajali, ni jina la pamoja la vinasa viwili: kimoja huhifadhi vipimo vya safari, kama vile kasi na kimo, na kingine sauti za chumba cha marubani. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka dakika sita baada ya kuruka, na watu wote 157 waliokuwamo wakafariki. Vinasa vyake, vilivyosomwa nchini Ufaransa, vilionyesha kwamba vihisio viwili vinavyopima pembe ya ndege dhidi ya mkondo wa hewa vilihitilafiana mno, cha kushoto kikisoma nyuzi 74.5 na cha kulia 15.3, huku mfumo wa kompyuta uliotegemea kihisio kimoja tu ukiisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Kwa kuwa kinasa huhifadhi kosa la kihisio kwa uaminifu uleule kinaohifadhi ukweli, wachunguzi hulazimika kulinganisha kila kipimo na vingine kabla ya kukiamini.