Jina la Tatu la Kipepeo wa Taita

Ukipanda kutoka Voi kwenda Wundanyi unaiacha nyika kavu ya Tsavo na kuingia penye ukungu. Huko juu, katika vipande vya msitu wa asili vilivyosalia, huruka kipepeo mweusi mwenye utepe wa buluu mabawani. Hapatikani popote duniani ila katika Milima ya Taita.

Wataalamu humwita Papilio desmondi teita. Leo nataka tuyafungue majina hayo matatu, maana yamebeba jambo zito.

Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo. Papilio ni neno la Kilatini, maana yake kipepeo. Mwaka 1758 msomi wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliwatia vipepeo wote humo. Baadaye waligawanywa, na jina likabaki kwa ukoo mmoja. Humo yumo pia yule ambaye viwavi wake hutafuna majani ya michungwa yetu.

Jina la pili ni la spishi. Hawa desmondi wako pia katika misitu ya milima mingine ya Kenya na Tanzania.

Jina la tatu ni la nususpishi, yaani kundi la spishi moja lililotengwa na mahali hata likapata sura yake. Mdudu aliyezoea ubaridi wa msitu havuki kwa urahisi joto la nyika, kwa hiyo mlima umekuwa kisiwa chake. V.G.L. van Someren, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Kenya, ndiye aliyelitoa jina hilo mwaka 1960, kwa tahajia ya zamani ya Taita.

Utaniuliza, majina haya yatufae nini? Mimi najibu hivi. Orodha inayoishia jina la pili humwonyesha kipepeo mwenye makao mengi, asiye na haja ya kuhurumiwa. Soma mpaka la tatu, utaona kiumbe aliyebakiwa na vipande kama Ngangao, Mbololo na Chawia, kandokando ya mashamba. Vikikatwa, desmondi wataendelea kuandikwa kuwa wapo, kumbe teita wamekwisha. Wala kupanda misonobari hakutawarudisha, kwa sababu kiwavi wao hali msonobari.

Basi tunapohesabu mali ya milima yetu, tusiishie jina la pili.