Ndege Adimu Katika Safari ya Kurudi Kaskazini

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Machi hadi mwanzoni mwa Mei, wakati mvua za masika zinyeshapo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mamilioni ya ndege huliacha eneo letu wakashika njia ya kaskazini. Mbayuwayu waliokuwa wakitua kwenye nyaya za simu hupungua siku hadi siku. Keremkerem hupita juu kwa makundi, wakisikika kabla ya kuonekana. Korongo weupe waliokuwa wakifuata nzige na viwavi mashambani huondoka. Majuma machache baadaye ndege hao huonekana Uarabuni, Uturuki, Urusi na nchi nyingine za Ulaya na Asia, ambako baridi imekwisha, miti inachipua, na wadudu wa kulishia makinda wanaongezeka.

Katika kipindi hicho hupatikana pia taarifa za ndege adimu, yaani ndege ambao hawakutazamiwa kuonekana mahali fulani. Taarifa za namna hii huwafurahisha watazamaji, lakini kwa mwanasayansi furaha hiyo ni mwanzo tu wa kazi. Yeye huuliza: ndege huyu ni adimu kwa sababu gani? Swali hili laonekana jepesi, kumbe lina majibu matatu yaliyo mbalimbali. Ndege aweza kuwa adimu kwa sababu amepotea njia. Aweza kuwa adimu kwa sababu hujificha, ingawa wenzake ni wengi. Na aweza kuwa adimu kwa sababu aina yake inakwisha duniani. Katika makala haya tutaeleza hali hizo tatu, na kuonyesha kwa nini ni hatari kuchanganya moja na nyingine.

Saa, dira na upepo

Kwanza tujiulize: ndege aliyeko Tanzania au Kenya hujuaje kuwa Urusi majira ya kuchipua yamekaribia? Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo jua halimpi habari ya kutosha. Mtaalamu wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwafuga ndege wadogo wahamaji kwa muda mrefu katika vyumba ambamo vipindi vya mwanga na giza havikubadilika kamwe. Hata hivyo ndege hao waliendelea kubadili manyoya, kunenepa na kuhangaika usiku kama wanaotaka kusafiri, karibu mara moja kila mwaka kwa kila tukio. Hii ina maana kwamba ndani ya mwili wa ndege mna saa ya mwaka, mbali na saa ya siku.

Saa hiyo inapogonga, ndege hula kupita kiasi. Ndege mdogo mwenye safari ndefu aweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu, na karibu nyongeza yote ni mafuta, ambayo ndiyo akiba ya nguvu za safari. Kuhusu njia, majaribio yaliyoanza katika miaka ya 1960 yalitoa majibu mawili makubwa. Stephen Emlen wa Marekani alionyesha kwamba ndege wasafirio usiku huzitumia nyota. Na Wolfgang Wiltschko wa Ujerumani alionyesha kwamba wanaweza pia kuutambua uga wa sumaku ya dunia. Ndege wengi wadogo hurithi mwelekeo wa safari kutoka kwa wazazi wao, hata wakasafiri peke yao mara ya kwanza bila kuongozwa na yeyote.

Upepo nao una neno lake. Wasomaji wa pwani wanajua kwamba majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya vipanga azaaye mashariki ya Asia, hufuata kanuni hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2013 kozi kadhaa walifungwa vyombo vidogo vya kupeleka ishara kwenye setilaiti huko Nagaland, kaskazini-mashariki ya India. Ishara hizo zilionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka huivuka Bahari ya Uarabu kuja Afrika wakisukumwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Mwezi wa Aprili na Mei huivuka tena kurudi, wakati upepo unapogeuka.

Adimu kwa sababu amepotea

Mwendo wenye saa, dira na upepo ni mwendo wa ajabu, lakini si mwendo usiokosea. Katika safari ya kurudi kaskazini kosa lililo la kawaida ni kupitiliza. Ndege hufika katika nchi ya kuzalia akiwa na nguvu zilizobaki, hali ya hewa ni ya joto, na upepo wa kusini unavuma nyuma yake. Badala ya kushuka, huendelea mbele.

Mfano mzuri ni keremkerem wa Ulaya, yule mwenye koo la manjano na mgongo wa rangi ya hudhurungi, ambaye makundi yake hupita Afrika ya Mashariki mara mbili kwa mwaka. Kwa desturi huzaa kusini mwa Ulaya na katika nchi za magharibi ya Asia. Karibu kila mwaka wachache huonekana Uingereza, hasa kati ya Mei na Juni, na mara chache wamejaribu hata kuzaa huko: Sussex mwaka 1955, Durham mwaka 2002, kisiwa cha Wight mwaka 2014, na Norfolk mwaka 2022. Hudihudi wa Ulaya pia huonekana kila mwaka kusini mwa Uingereza katika majira hayo hayo, kwa sababu hiyo hiyo.

Je, ndege aliyepotea ana faida gani kwa elimu? Mmoja peke yake hana nyingi. Lakini taarifa za miaka mingi zikikusanywa pamoja hueleza jambo. Ndege wapitilizao wanapoanza kuzaa mara kwa mara mahali ambapo zamani walikuwa wageni tu, twaweza kuuliza kama hali ya hewa ya mahali hapo inabadilika. Kwa keremkerem swali hilo linaulizwa sasa kwa uzito, kwani majaribio yao ya kuzaa Uingereza yamekuwa ya karibu karibu zaidi tangu mwaka 2000 kuliko ilivyokuwa katika karne iliyotangulia.

Adimu kwa sababu haonekani

Sasa tuje nyumbani. Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya, iko hoteli ya Ngulia iliyojengwa ukingoni mwa mteremko mkali. Taa zake kubwa ziliwekwa ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Ikaonekana kwamba mwezi wa Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi na wenye ukungu, mwanga wa taa husambaa ndani ya ukungu, na ndege wanaopita gizani hupoteza njia yao, wakashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 wataalamu, wakiwemo Graeme Backhurst na David Pearson, wamekuwa wakiwanasa ndege hao kwa nyavu nyembamba, kuwapima, kuwavisha pete nyepesi yenye namba, na kuwaachilia. Ndege waliovishwa pete hapo hadi sasa wamezidi 200,000.

Matokeo yaliwashangaza wataalamu. Baadhi ya ndege wadogo wa vichakani, ambao kabla ya hapo taarifa zao katika Afrika ya Mashariki zilikuwa za kuhesabika, walionekana kuwa wapitaji wa kawaida kabisa. Hawakuwa wachache. Walikuwa ndege wasafirio usiku, wenye rangi ya udongo, wajifichao mchana ndani ya majani, na wakaao siku chache mahali pamoja. Katika safari ya kurudi kaskazini hupita kwa haraka zaidi, na ukungu wa Ngulia haupo kuwashusha, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuwaona.

Mmoja wa hao ni ndege mdogo aitwaye kwa jina la kitaalamu Acrocephalus palustris, azaaye Ulaya na kupitisha majira ya baridi ya huko katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Dume lake huimba kwa kuiga sauti za ndege wengine. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alitangaza matokeo ya uchunguzi wake uliofanywa Ubelgiji: kwa wastani dume mmoja aliiga sauti za aina 76. Kati ya aina 212 zilizotambuliwa kwa jumla, 99 zilikuwa za Ulaya na 113 za Afrika. Hivyo, katika shamba la Ubelgiji, ndege asiyezidi gramu chache huimba sauti za ndege wa vichaka vyetu. Kwa kusikiliza sauti hizo, mtaalamu aliweza hata kukisia njia ambayo ndege alipitia.

Adimu kwa sababu aina inakwisha

Hali ya tatu ndiyo nzito. Yuko ndege wa matete anayefanana na huyo tuliyemtaja, naye huitwa Acrocephalus griseldis. Karibu wote huzaa katika mabwawa ya kusini ya Iraki, penye mito ya Tigris na Frati, jirani na Basra. Majira ya baridi huja Afrika ya Mashariki, hadi Malawi na Msumbiji. Delta ya mto Tana ni mojawapo ya mahali pake. Wachache hunaswa Ngulia, na mwezi wa Machi na Aprili hupita tena pwani wakirudi.

Baada ya mwaka 1991 serikali ya Iraki ilijenga mifereji na kuta za udongo kuyakausha mabwawa hayo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiasi cha sehemu tisa katika kumi kilikuwa kimekauka. Wakazi wengi walihama, na matete yakafa. Mwaka 2003 wenyeji walizibomoa kuta, maji yakarudi katika sehemu kubwa, ingawa ukame na upungufu wa maji mitoni vimeendelea kuyasumbua mabwawa hadi miaka ya karibuni. Ndege huyu amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani. Kila mmoja aonekanaye katika matete ya pwani yetu ni habari kuhusu mabwawa ya Iraki. Na kila bwawa linalolimwa au kukaushwa huku kwetu ni habari mbaya kwa ndege wa kule.

Kwamba hatari hii si ya kubuni, sululu mwenye mdomo mwembamba ni shahidi. Alizaa Siberia na kupitisha majira ya baridi katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Kwa muda mrefu watu walimwona, wakamdhania sululu wa kawaida au wakamhesabu kuwa mpitaji asiye na mpango. Picha za mwisho zisizo na shaka zilipigwa Merja Zerga, Moroko, mwezi wa Februari 1995. Mwezi wa Mei 1998 watazamaji wa Druridge Bay, Uingereza, waliamini wamemwona mwingine, na taarifa hiyo ikakubaliwa; baadaye ushahidi ulipochunguzwa upya, ikaondolewa. Mwaka 2025 ndege huyo alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Walipokuja kutambua kwamba alikuwa adimu kwa sababu ya tatu, si ya kwanza wala ya pili, wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Kuupima ushahidi

Kutokana na hayo yafaa tukubali kwamba taarifa ya ndege adimu ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Mtazamaji makini huandika papo hapo, kabla ya kufungua kitabu, mambo aliyoyaona: ukubwa wa ndege ukilinganishwa na ndege ajulikanaye, umbo na urefu wa mdomo, rangi za juu na za chini, mstari juu ya jicho, rangi ya miguu, sauti, na mwenendo. Huandika pia umbali uliokuwapo, hali ya mwanga, na muda aliotazama. Ndege wa Basra, kwa mfano, hutofautiana na ndugu yake mkubwa wa matete kwa kuwa mwembamba zaidi, mwenye mdomo mrefu kwa kadiri ya mwili wake na kifua cheupe zaidi. Tofauti hizo ni ndogo, wala kumbukumbu ya jioni haitoshi kuzihifadhi. Picha husaidia sana, lakini haziondoi haja ya maandishi.

Kazi kwa shule

Walimu wa Biolojia na Jiografia wanaweza kuianza kazi hii bila gharama kubwa. Darasa lichague mahali pamoja, kama bwawa, shamba au uwanja wa shule, na kupatembelea saa ile ile kila juma kuanzia Februari hadi Mei. Kila mara wanafunzi waandike tarehe, saa, mawingu, mvua, mwelekeo wa upepo, na idadi ya kila aina waliyoiona. Siku ambayo mbayuwayu hawakuonekana iandikwe pia, kwani bila sifuri hatuwezi kujua siku waliyoondoka. Mwishoni mwa kipindi matokeo yachorwe kwenye grafu na kulinganishwa na ya mwaka uliopita. Taarifa zilizothibitishwa zaweza kupelekwa kwenye Tanzania Bird Atlas au Kenya Bird Map, ambako huunganishwa na za watu wengine.

Wanafunzi wasiwanase ndege wala kuwavisha pete. Kazi hiyo huhitaji mafunzo na kibali. Lakini akiokotwa ndege aliyekufa mwenye pete, namba na anwani zilizoandikwa juu yake zinakiliwe kwa uangalifu na kupelekwa zinakotakiwa, pamoja na tarehe na mahali alipopatikana. Pete moja iliyorudishwa yaweza kuunganisha kijiji cha Afrika ya Mashariki na shamba la Urusi kwa mstari mmoja kwenye ramani, na mistari ya namna hiyo, ikiwa mingi, ndiyo ituonyeshayo mabwawa na vichaka vinavyopasa kuhifadhiwa kabla ndege wake hawajawa adimu kwa sababu ya tatu.