Kijana wako wa duka haondoki kwa mshahara tu

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni hapa Ng'ambo, mfanyakazi akishawajua wateja wako, siku akiondoka anaondoka nao. Sasa mshike hivi:

1. Mlipe tarehe ile ile, hata mwezi ukiwa mbovu.
2. Nauli ya kupeleka mzigo Fuoni au Bububu itoke kwako, sio mfukoni mwake.
3. Mteja akirudisha dera, usimkate pesa kabla hujamsikiliza.
4. Wiki ya Sikukuu mnakesha? Muongeze kitu, na baadae mpe siku ya kupumzika.
5. Muandikishe ZSSF. Mfuko upo tangu 1998, na sio wa watu wa serikalini tu.

Anaeiona kesho yake dukani kwako hana haraka ya kuondoka. Wewe unalipa tarehe ngapi?