Mtaji unaotembea: akina mama na biashara ya kutembeza Ivuna

Ivuna imezoea biashara ya miguu kwa karne nyingi. Mwaka 1966 wataalamu wa mambo ya kale Brian Fagan na John Yellen walichimba karibu na chemchemi za chumvi za hapo. Walikuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi iliyofanyika tangu karne ya 13 hivi. Udongo wenye chumvi ulichujwa kwa maji, kisha maji yale yakachemshwa hadi chumvi ikabaki. Chumvi hiyo ilibebwa kupelekwa kwa watu wengine.

Leo mama wa Ivuna anayetaka kuanza biashara bila kibanda huifuata njia hiyo hiyo. Hununua vitenge, sabuni au vyombo Tunduma, akavitembeza nyumba kwa nyumba na kwenye minada. Hahitaji kodi ya pango, na mtaji wake ni mdogo. Lakini tunaona kuwa biashara nyingi za namna hii hufa mapema, hata pale wateja wapo. Katika makala hii tunaeleza mtaji hupotelea wapi na jinsi ya kuulinda.

Faida inayoonekana na faida ya kweli

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Weka za kwako. Mama ananunua vitenge 12 kwa Sh 10,000 kila kimoja. Mtaji wake ni Sh 120,000. Akiviuza vyote kwa Sh 13,000, anapata Sh 156,000. Anaona Sh 36,000 mkononi na kufurahi. Sasa tuhesabu gharama:

- Nauli ya kwenda Tunduma na kurudi: Sh 20,000
- Kusafirisha mzigo: Sh 3,000
- Chakula cha safarini: Sh 3,000
- Ushuru wa mnadani: Sh 2,000

Jumla ni Sh 28,000. Faida ya kweli ni Sh 8,000, na bado hajalipa jasho lake. Akitumia zile Sh 36,000 zote nyumbani akidhani ni faida, amekula Sh 28,000 za mtaji. Safari ijayo atanunua vitenge tisa, na inayofuata vichache zaidi.

Deni la hadi mavuno

Hatari ya pili ni kukopesha. Bonde la Ziwa Rukwa lina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Fedha za wakulima hupatikana baada ya mavuno. Miezi ya kilimo mteja husema, "Nitakulipa nikivuna mpunga." Mara nyingi anasema kweli. Lakini rudi kwenye mfano wetu: kitenge kimoja tu kati ya 12 kisipolipwa, Sh 13,000 hazirudi. Ile faida ya Sh 8,000 inageuka kuwa hasara ya Sh 5,000.

Ni vigumu kumnyima jirani au shemeji. Kwa hiyo weka utaratibu kabla ya kuombwa. Pokea malipo kidogo kidogo, na mteja achukue kitenge akishamaliza. Miezi ya kilimo tembeza vitu vya bei ndogo vinavyonunuliwa kila wiki, kama sabuni, viberiti na chumvi ya kula iliyotiwa madini joto. Vitenge viongeze wakati wa mavuno.

Safiri mmoja kwa niaba ya wanne

Gharama kubwa katika mfano wetu ni nauli. Akina mama wanne wakimtuma mmoja wao kuwanunulia, Sh 20,000 zinakuwa Sh 5,000 kwa kila mmoja. Faida ya kila mama inapanda kutoka Sh 8,000 hadi Sh 23,000, bila kupandisha bei. Wapeane zamu, na anayetumwa arudi na risiti.

Tunduma ni mji wa mpakani. Bidhaa zinazonunuliwa Nakonde, upande wa Zambia, zipitishwe forodhani. Mzigo uliopita njia za panya ukikamatwa, mtaji wote huondoka siku moja.

Kujisajili na kupata mkopo

Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Tangu 2024 usajili umeingizwa katika mfumo wa kidijitali. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kila halmashauri, ikiwemo ya Wilaya ya Momba, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa wanawake hutolewa kupitia vikundi vilivyosajiliwa, hivyo wale akina mama wanne wanaosafirishiana mizigo wanaweza kuwa mwanzo mzuri wa kikundi.

Hata hivyo, mkopo hauponyi biashara inayovuja. Kwanza fungua daftari lenye safu nne: nilichonunua, nilichouza, nilichotumia, ninachodai. Fedha ya mtaji iwe na mfuko wake, na matumizi ya nyumbani yatoke katika faida tu. Baada ya safari tatu daftari litakuonyesha kama biashara inakua au inajila yenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika safari yako ya mwisho, faida ya kweli ilikuwa kiasi gani baada ya kutoa gharama zote?
2. Ni bidhaa zipi huuzika kijijini kwenu wakati wa kilimo, na zipi wakati wa mavuno?
3. Mtamwambia nini jirani anayeomba kukopa, bila kuvunja ujirani?