Wekundu wa Ndege: Kutu au Vumbi?

Katika maonyesho ya sayansi ya shule moja mkoani Shinyanga, nilionyeshwa mfano wa ndege aina ya Fokker F27, kama zile zilizotumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania lililoundwa mwaka 1977. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 72, hata mabawa ya mita 29 yakawa sentimita 40 tu. Ili ndege ionekane imechakaa kazini, mwanafunzi aliyeitengeneza alikuwa amepaka madoa mekundu kuzunguka milango na ribiti. Nikamwuliza ni kitu gani. Akajibu, "Kutu, Mwalimu."

Hapo palikuwa na kosa. Bodi la ndege hiyo ni la aloi ya alumini, nayo alumini haifanyi kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Ikiliwa, hutoa unga mweupe. Wekundu wa ndege zinazotua katika viwanja vya udongo ni vumbi. Hata hivyo kijana hakuwa mbali na ukweli, kwani udongo mwekundu wa Geita hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, ambazo ni jamaa ya kutu.

Basi kabla ya kushika burashi, yafaa tujiulize chanzo cha kila doa. Vumbi hurushwa na magurudumu, hivyo hukaa zaidi tumboni. Masizi hufuata mkondo wa hewa nyuma ya bomba la moshi. Rangi ya mgongoni hupaushwa na jua. Ukubwa nao una maana: chembe ya nusu milimita katika mfano huu ni sawa na kokoto ya milimita 36 kwenye ndege halisi. Kwa hiyo vumbi la kupakia lichekechwe kwa kitambaa chepesi.

Lakini lisichotwe kamwe mahali wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu, maana huenda lina zebaki, ambayo ni sumu. Zebaki hiyo hiyo huvuruga utando wa alumini, na madini yaliyo chini yake yakaliwa upesi. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwekewa masharti makali inaposafirishwa kwa ndege.

Mwanafunzi yule aliyafuta madoa yake, akaanza upya kutoka magurudumuni.