Je, Wajua? Kwaya za Wavulana, Kutoka Borabu Hadi Vienna

Wewe wa Nyansiongo, uliyeamshwa na kengele ya prepu katika baridi ya Borabu, hebu sogea. Je, wajua kuwa Tamasha la Muziki la Kenya, linalowakausha wanafunzi makoo kila mwaka, lilianza 1927? Enzi hizo lilikuwa la Wazungu. Leo ni la watoto wa shule, na Wazungu wanaketi kusikiliza!

Sasa hesabu ngazi zake. Ukishinda Borabu bado hujafika: kuna kaunti ya Nyamira, kisha Nyanza nzima, ndipo taifa. Washindi wa huko humwimbia Rais. Kufikia hapo wimbo umerudiwa mpaka mpishi wa shule anaijua sauti ya besi.

Na zile herufi d, r, m, f, s, l, t ambazo mwalimu wa kwaya huzijaza ubaoni? Chanzo chake ni mwalimu wa kike, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza. Mchungaji John Curwen akaziboresha miaka ya 1840, wamishonari wakazileta Afrika. Kinanda hakihitajiki: mwalimu anatoa doh, besi wanaidaka, chaki inamaliza kazi. Kwa herufi hizohizo Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya kule Afrika Kusini, aliutunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, na leo muziki wake umo katika nyimbo za taifa za nchi 3: Tanzania, Zambia na Afrika Kusini.

Je, wajua mkataba wa muziki unaweza kutiwa saini uwanja wa ndege? Januari 2009 Kwaya ya Wavulana ya Kenya, chini ya Joseph Muyale Inzai, ilikuwa safarini kwenda kuimba Washington katika sherehe za kuapishwa kwa Barack Obama. Walipopitia Heathrow, London, wakasaini na kampuni ya muziki ya Universal papo hapo! Wengine tukipita uwanja wa ndege tunatoka na chokoleti tu.

Lakini kaa vizuri, maana wavulana wa Kamina, Katanga, huko Kongo, ndio wanaonimaliza. Miaka ya 1950 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Wakaimba misa ya Kilatini kwa mahadhi na ngoma za Kongo, nayo ikaitwa Missa Luba. Mwaka 1958 wakairekodi, na mwaka huohuo wakaimba Brussels kwenye Maonyesho ya Dunia.

Noti walizisoma wapi? Hakuna! Walibuni wakiimba, na karatasi zikaja baadaye. Sanctus, sehemu ya misa hiyo, ikaingia kwenye filamu ya if.... ya 1968, na 1969 ikapanda chati za Uingereza. Kilatini cha Kamina bega kwa bega na magitaa ya umeme! Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya hapa Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, ikairekodi upya Missa Luba.

Shika koo lako. La mvulana mdogo hutetema mara 250 hivi kwa sekunde akizungumza. La mwanamume, mara 120 hivi. Soprano wako hodari anaenda likizo ya Desemba, Januari anarudi anakwaruza kama jogoo mchanga. Pole, mwalimu!

Mtunzi Bach alikuwa na nafuu. Kwaya ya Mtakatifu Thomas ya Leipzig, iliyoanza 1212, aliiongoza kuanzia 1723 hadi 1750, na siku zile wavulana wengi walibaki soprano hadi miaka 16 au 17. Leo wengi hawavuki 14.

Joseph Haydn naye aliimba kwaya Vienna. Sauti ilipovunjika akafukuzwa, na inasimuliwa kuwa kisa kilichomaliza mambo ni kumkata mwenzake nywele. Mtundu huyo akaja kutunga simfoni zaidi ya 100.

Je, wajua Kwaya ya Wavulana ya Vienna huhesabu umri wake tangu 1498? Ndio mwaka Vasco da Gama alipotia nanga Malindi! Ina wavulana kama 100, wamegawanywa kwaya 4, na kwa mwaka hufanya maonyesho 300 hivi.

La mwisho, nikuache uende. Kwenye ibada ya mkesha wa Krismasi, chuo cha King's, Cambridge, wavulana 16 wa kwaya husimama bila kujua nani ataanzisha wimbo wa kwanza peke yake. Mwelekezi humwonyesha mmoja dakika ya mwisho kabisa, redio ikiwa tayari kurusha sauti yake duniani. Hata mama yake hajui mpaka asikie!